Ufunguo Aliobaki Nao Baba Mdogo

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Katesh. Sisi wazima, na maharage yamekubali mwaka huu.

Umeuliza kwa nini Waislamu tupeleke mirathi mahakamani wakati shehe yupo. Baba yangu alipofariki, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, shehe alisema duka la mitumba ni la mama na sisi watoto. Baba mdogo akaitikia "Amina", lakini ufunguo akabaki nao. Mama akaenda mahakamani. Hakimu, Mkristo wa kule Bashay, akamwita shehe.

"Shehe, sheria yenu inasemaje?"

Hakimu akasikiliza, akaamuru vilevile alivyosema shehe.

Kwa shehe baba mdogo alitoa amina; kwa hakimu akatoa ufunguo. Ninao mpaka leo. Ukija likizo, utafungua duka wewe.

Bibi yako,
Mwanaidi