Nguo ya Idi ya Athumani

Jumatano, Ramadhani ishirini na sita

Mvua ya mawe imepiga tangu adhuhuri, na mabati yamelia hata cherehani yangu mwenyewe sikuisikia. Barabara ya kwenda Mosocho ilikuwa nyeupe kabisa. Sasa imetulia kidogo, futari bado, na moyo wangu haujakaa sawa. Naandika labda utakaa.

Idi imebakiza siku tatu au nne, na katika nyumba hii ni mtu mmoja tu ambaye zawadi yake haijajulikana.

Mtu huyo ni Athumani, mwana wa kwanza wa dada yangu Zena. Ana miaka kumi na sita. Miguu yake haikupata nguvu tangu kuzaliwa, imekunjika magotini, kwa hiyo hutembea kwa viganja, akijisukuma ameketi. Maneno yake hayafiki kumi. Akili yake ina mwendo wake, na ziko siku tunashindwa kuelewa anataka nini mpaka analia kwa hasira. Baba yao alipofariki, Zena alikuja kukaa kwangu na wanawe watatu: huyu, na Juma, na Hamisi. Mimi ndiye mjomba wao, tena ni fundi cherehani hapa mjini, basi nguo za Idi zinatoka mkononi mwangu. Hilo halina mjadala.

Kumchagulia Athumani kitu kumenishinda miaka yote. Wengine hawahangaiki. Wanamletea biskuti na peremende, wanampapasa kichwa, wanakwenda zao. Mwaka jana jirani alimletea kichezeo cha bati chenye kokoto ndani, cha kumnyamazisha mtoto mchanga. Athumani alikitazama, akakiweka chini, akakisukuma kwa kiganja mpaka uvunguni mwa kitanda.

Tulicheka sana. Mimi pia nilicheka.

Mimi humshonea kanzu kama ya wadogo zake, na kila Idi mambo huishia pale pale. Kabla ya adhuhuri upindo umeshaingia chini ya viganja vyake, ameanguka kifudifudi, kwapa za kanzu zimepasuka. Analia. Mama yake anamvua, anamvika shati la zamani, anampeleka chumba cha nyuma, na wageni wanakula pilau yeye hayupo. Nimezoea kusema kijana huyu ana mkono wa kuharibu. Nimelisema mbele ya wageni, naye masikio yake hayana kasoro yoyote.

Miaka ya vita hatukuwa na la kuchagua. Nguo zilipotea madukani, tukavaa viraka juu ya viraka, hata kanzu za Idi nilizikata kwenye nguo kuukuu. Mwaka huu ndio kwanza bafta nyeupe imerudi kwa Mhindi wa pale chini. Nilipata ya kuwatosha Juma na Hamisi, na kikabaki kipande kimoja kizuri. Ninacho na kipande cha kaki nzito. Basi nikajiona nimepata akili mpya: mwaka huu Athumani nimshonee kaptura ya kaki, makalio nayapiga kitambaa mara mbili, magoti natia turubai. Nguo ya kumfaa mwaka mzima. Nilifurahi nayo kama mtu aliyevumbua kitu.

Alfajiri, baada ya daku, nikamwambia Zena.

“Kaka,” akasema, “wanangu wawili wavae kanzu siku ya Idi, na huyu avae nguo ya kulimia?”

Nikamweleza habari ya turubai. Hakutaka kuisikia. Akasema mwaka mzima mtoto wake ni wa kuburuzika, basi nimwachie siku moja. Nikamjibu kwamba hiyo kanzu anaitaka kwa ajili ya macho ya wageni, si kwa ajili ya mtoto. Akajifunika uso kwa leso, akatoka.

Nilijua nimemuumiza, na bado nilijiona niko sawa. Ndivyo nilivyo. Nikishakata kitambaa kichwani mwangu, ni shida kunishonesha upya.

Mvua ilipoanza, Kerubo alikuwa amefika kuchukua gauni lake. Kerubo anauza ndizi, anatoka Mosocho, ni mtu wa kanisa la Sabato, mama wa watu wazima. Akakwama kibarazani kwangu na kikapu chake kitupu. Athumani alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na miguu yangu, anapanga vipande vya nguo vinavyoanguka, vyeupe huku, vya rangi kule. Hiyo ni kazi aliyojipa mwenyewe, na huifanya bila kukosea.

Sijui nini kilinituma. Labda nilitaka ushahidi wa kumpelekea Zena. Nikaiweka kaki upande wake wa kulia na bafta upande wa kushoto, nikamwambia, “Athumani, Idi hii unataka ipi?”

Miaka kumi na sita, na sikumbuki kumuuliza hivyo.

Alichukua muda mrefu. Kisha kiganja chake kikatua juu ya bafta.

Nikajisemea, kimemvutia cheupe tu. Nikavibadilisha upande. Akatua tena kwenye bafta. Mara ya tatu nikaikunja bafta, nikaificha nyuma ya cherehani, nikamwachia kaki peke yake. Aliishika, akaisukuma mbali kama alivyokisukuma kile kichezeo, akanitazama kwa hasira. Halafu akanyoosha mkono juu, kwenye kamba zilipotundikwa kanzu za Juma na Hamisi ambazo nilizimaliza jana, akajipiga kifuani. Mara mbili, kwa nguvu.

Mimi na akili yangu ya turubai.

Nikaitoa bafta, nikaitandaza mezani, nikashika mkasi. Hapo Kerubo akaniita.

“Fundi, wewe hapana pima yeye?”

Nikamwambia huyu ni mtoto wa nyumbani, namjua kwa jicho.

“Mimi ulipima mpaka kisigino,” akasema. “Hata shati ya mjukuu yangu ulipima, na yeye alikuwa nakataa kusimama. Huyu si mtoto, fundi. Huyu ni omomura, kijana mkubwa kabisa. Angalia yeye vizuri.”

Nilitaka kumjibu vibaya. Nina jicho linalosifiwa mji mzima; mtu akipita barabarani naweza kumkatia shati. Lakini mkasi ulikuwa mzito, na bafta ni hiyo hiyo moja. Nikaushusha, nikachukua futi, nikapiga magoti kwenye mkeka.

Nilianza na mabega. Athumani alitulia tuli, nadhani kwa sababu amekuwa akitazama wengine wakipimwa maisha yake yote. Nikapima, nikadhani nimekosea, nikapima tena.

Inchi kumi na nane. Ni mabega yangu mimi.

Miaka yote hiyo anajibeba kwa mikono yake, na mikono imemjenga mabega ya mtu mzima, nami kila Idi namkatia ya mtoto wa miaka kumi. Kwapa hazikupasuka kwa sababu ana mkono wa kuharibu. Zilipasuka kwa sababu yangu. Nimeona haya, na haya hayo nayaandika hapa kwa sababu sijapata ujasiri wa kumwambia mtu mwingine.

Kerubo aliangalia mvua.

Nikaendelea kumpima akiwa ameketi, kwa sababu ndivyo anavyoishi. Nimewashonea watu wote wasimamao, na nguo ya mtu asiyesimama nilikuwa sijawahi kuifikiria hata siku moja. Mbele ikomee mapajani, isifike chini ya viganja. Nyuma iwe pana. Pembeni iachwe wazi. Chini anapokalia, tabaka mbili za bafta hiyo hiyo, asionekane ana kiraka.

Zena alitokea mlangoni nikiwa bado nimepiga magoti. Alimwona mwanawe na futi shingoni, akauona mkono wangu unaandika vipimo. Nikamwambia, “Ni kanzu. Nimekosa, dada yangu, unisamehe.” Nikamtajia kipimo cha mabega. Akaniuliza tena, nikamtajia tena. Alikuja akaketi mkekani, akaweka kiganja chake begani kwa Athumani, akakiacha hapo.

Ilibaki mikono. Hapo nilikuwa na hakika yangu: kwa mtu anayetembea kwa viganja, mkono wa kanzu ukomee kwenye kiwiko. Nikamwekea kitambaa, nikachora chaki kwenye kiwiko, nikamuuliza kama ninavyomuuliza mwanamume yeyote anayekuja dukani, “Hapa?”

Akakishika kitambaa kwa vidole vyake vigumu, akakivuta taratibu, kikapita ile chaki, mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Nilifungua mdomo nimwambie kitaburuzika, kitachafuka kabla hatujatoka msikitini. Zena alinitazama. Athumani alikuwa bado amekishika, anangoja.

Nikaandika: mkono mrefu.