Mzee Mmoja wa Kijiji

Busia, 9 Machi 1966

Baba Aguti,

Nakusalimu huko Kisumu kwenye kazi. Sisi wazima. Aguti ameota meno mawili, na cha kwanza kuyaonja ni kidole changu. Mvua imeanza, shambani tumepanda wimbi.

Kile kitabu cha yule mzungu aliyekaa kwetu miezi minane kimefika. Mwalimu Imalingat alikiazima chuoni Tororo, akaja kutusomea. Aina kumi na moja za wimbi ambazo baba yako alimfundisha zimo zote. Jina la mzungu liko juu, kwa herufi kubwa.

Baba akauliza, "Na mimi niko wapi humo?"

Mwalimu akatafuta. "Hapa, mzee. Amesema, 'mzee mmoja wa kijiji.'"

"Wazee ni wengi," baba akasema, akaenda kuangalia ng'ombe. Siku tatu sasa wenzake wanamwita kwenye mtungi wa pombe, haendi.

Mume wangu, mzungu aliniuliza mimi jina la baba. Unajua mke hawezi kulitaja jina la baba mkwe. Nikacheka, nikaangalia chini, naye akaendelea na maswali yake. Hakuuliza mtu mwingine, na alikula kwetu kila siku.

Leo kitabu kinarudi Tororo. Nimeliandika jina la baba pembeni, kwa penseli. Mdomo wangu haujalitaja. Ila penseli inafutika. Wewe ni mwanawe, mwandikie yule mzungu kwa wino.

Mkeo anayekungoja,
Alupo