Nywele Kwenye Ungo

Baba Selina,

Ugali nimeufunika na sahani, mlenda uko chunguni. Ukitoka kwenye kihenge jikung'ute mtama kwanza.

Wale waliokuja asubuhi kudai deni la jembe la plau uliwasikia. Anayedaiwa ni Mughwai wa kijiji cha Mgori, si wewe. Mmefanana jina tu. Ungetoka ukamtaja baba yako, yangekwisha. Ukajificha humo ndani hata walipomfungua ng'ombe na kunisukuma kwenye samadi. Ndipo nikawaambia mume wangu amefariki juzi. Wakacheka, wakauliza mjane gani ana nywele. Nikachukua wembe, nikajinyoa mbele yao mpaka damu ikatoka. Wakaona haya, watu wasionijua, wakamwacha ng'ombe.

Wewe hata kukohoa hukukohoa.

Nimekwenda kwa mama yangu, kijijini Mwankoko, pamoja na Selina. ~~Nitarudi Jumapili.~~ Ng'ombe ninaye. Ni wa mjane sasa.

Nywele zangu ziko kwenye ungo, zifukie mwenyewe. Habari ya msiba imeshafika kwa majirani. Jioni wakija kukulilia, wafungulie mlango wewe.

Mjane wako,
Mama Selina