Chini ya Kichanja cha Kahawa

Wapiganaji wenzangu, Mama na dada Yusta,

Nawasalimu kutoka Dar es Salaam kwa salamu ya watu walio upande mmoja, kwani katika vita vyangu vyote hakuna aliyesimama nyuma yangu kabla yenu. Mama, goti limepoa? Dada, mahindi ya bondeni mmeshayavuna, au bado unagombana na jirani kuhusu mbuzi wake? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio hauko mahali pake, na nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia kabla sijalifikia jambo lenyewe.

Mnajua safari yangu ilivyoanza. Mwaka wa kwanza chuoni nilipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa kudai maji katika bweni la wanawake, nikamwigiza mlezi wa bweni akioga kwa kikombe, na waliokuja kupigana wakaishia kucheka. Tangu siku hiyo niliamini kwamba kicheko ni silaha ya mnyonge. Kikanipeleka jukwaani, kisha kwenye tamthilia ya televisheni, mpaka leo watu wananisimamisha stendi na kuniomba niwachekeshe kidogo. Nimewahi kusimama mbele ya askari wenye virungu bila kutikisika. Leo natetemeka kwa ajili ya mzee mmoja wa Itaka.

Mzee huyo ni baba yake Lusekelo, mchumba wangu. Mnawajua Wandali na mwiko wao wa mkwe: mkamwana hamtazami baba mkwe, hatamki jina lake, haketi wala kusema naye; wakikutana njiani, mwanamke ndiye anayeingia majanini. Siku ile nilipopelekwa kujitambulisha, nilikuwa uani nikigeuza kahawa juu ya kichanja cha kuanikia, mara nikasikia mzee anakuja. Majani hayakuwepo. Nikaingia chini ya kichanja.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili sijalitamka kwa mtu yeyote. Mama mkwe alikuwa amenifundisha asubuhi ileile: ukikwama, kohoa, mzee atajua upo na atapita kando. Sikukohoa. Mzee alivuta kigoda, akaketi, akaanza kufanyia mazoezi maneno atakayoyasema siku ya harusi yetu. Yeye, mzee wa kanisa ambaye Itaka nzima humwogopa, alikwama mara tatu mahali palepale, kisha akajikaripia: "Wewe mzee, kugombeza watu una sauti ya radi. Kumkaribisha binti wa watu, kigugumizi." Akalia kidogo, akajifuta kwa kofia, akaanza upya.

Nami nililichukua tukio lile zima nikalitia katika mchezo wa jukwaani wa kundi letu: kigoda, kofia, kigugumizi, neno kwa neno. Nilijiambia kwamba mila inayomsukuma mwanamke chini ya kichanja ni lazima ichekwe mpaka ife. Watu walicheka wakashika mbavu. Kipande hicho kikaingia kwenye simu, na simu zikafika Itaka, ambako kila mtu aliitambua kofia ile na mwenyewe.

Juzi Lusekelo alinipigia. Alisema baba yake akishuka Nanyala kwa shughuli zake, vijana wa bodaboda humwuliza, "Shikamoo mzee, leo radi au kigugumizi?" Nikamwuliza baba amesemaje.

"Siku tatu hakusema kitu. Jana akauliza kundi lenu litacheza lini Tunduma."

"Ukamwambia?"

"Nimdanganye baba yangu? Amesema atakuja." "Tumaini, yale maneno uliyatoa wapi? Mimi mwanawe sijawahi kuyasikia."

Nilimwambia mtandao unakatika. Mimi, mwenye kuhubiri ujasiri katika kila mkutano, nikazima simu.

Mzee hahitaji kutamka neno. Akiketi tu kwenye kiti cha mbele, mwiko unanikataza kutokea; nikitokea, nimemvunjia heshima mara ya pili, na uchumba wangu utafia mbele ya ukoo wake. Mwongozaji wetu anashauri tuiondoe sehemu ile tucheze mengine. Nami nasema kuiondoa sasa ni kuficha ushahidi. Nimejihoji, nikaona kwamba hotuba zangu zote kuhusu mwiko zinaweza kuwa kweli, na bado mimi nikawa mwizi. Mila ilinisukuma chini ya kichanja. Kunyamaza nilinyamaza mwenyewe.

Kwa hiyo nawaomba mje Tunduma. Mama, mkamwana haruhusiwi kusema na mkwe, lakini hakuna anayemkataza kusema na mama yake huku mkwe akisikia. Keti safu ya mbele, karibu na mzee. Kabla ya mchezo, pazia likiwa limefungwa, nitakuita kwa sauti, nikusimulie kwamba nilikuwa pale na kwamba sikukohoa. Usinijibu. Tusubiri kama atakupa neno la kuniletea, la kuniruhusu au kunikataza kutokea, au atainuka aende zake. Akienda, pazia halitafunguliwa, na pete nitaivua mwenyewe nisimlazimishe Lusekelo kuchagua. Naogopa, Mama. Umati wa watu nimeuzoea. Nyuma ya pazia lile nitakuwa nasikiliza mtu mmoja tu, na sijui nitasikia nini.

Nisalimieni shangazi anayeuza maparachichi Mlowo, babu mlinzi wa ghala la kahawa, na mwalimu wangu wa darasa la nne aliyenitoa nje kwa kuwachekesha wenzangu. Hilo la kichanja msimwambie mtu kabla mzee hajalisikia.

Mkutano wetu ni Jumamosi hii, saa tisa alasiri, katika ukumbi ulio mkabala na maegesho ya malori, upande wetu wa mpaka. Milango inafunguliwa saa nane. Fikeni kabla yake.

Wenu katika mapambano na katika damu,
Tumaini