Kaka, Uliniona Nikiogelea?

Kaka Wandera,

Sijui barua hii itakukuta wapi, ndiyo maana nimeiandika wazi. Labda dereva mwenzako ataisoma kwenye foleni ya malori pale Malaba, akufikishie salamu kwamba unatafutwa.

Bado naikumbuka likizo ile uliyonitoa nyumbani Buhehe ukanipeleka Tororo, ulikokuwa ukisafisha bwawa la kuogelea la hoteli. Nilikuwa na miaka tisa. Mwaka uliotangulia niliteleza mtoni nikanywa maji mengi, na tangu hapo hata kunawa uso kwenye beseni kulinitia hofu. Ulijaribu kila njia kunizamisha kichwa, nikalia. Mwishowe ukacheka.

"Basi uso tuache juu," ukasema. "Wewe lala tu. Maji haina shida na wewe."

Ukaweka kiganja chini ya mgongo wangu. Nikaona mbingu, na pembeni ule mwamba wa Tororo. Sikujua uliondoa mkono saa ngapi. Ndivyo nilivyojifunza kuogelea chali, kwa sababu ya woga.

Tulifanya hivyo kila asubuhi, wageni wakiwa bado wamelala. Anayeogelea chali haoni ukuta unaomjia, nami nikagonga kichwa mara mbili. Ukachana gomesi, lile gauni refu kuukuu la mama, ukafunga vitambaa kwenye kamba juu ya maji.

"Ukiona kitambaa, hesabu mikono minne, halafu nyoosha mkono, ukuta uko hapo."

Baadaye, nilipofika kwenye bwawa la mashindano Kampala, nikakuta bendera zimetungwa vilevile. Nikadhani wamekuiga.

Kocha mmoja aliyelala hotelini ndiye aliyeniona, akanitafutia shule huko Kampala. Wewe ukaniambia umechoka na bwawa, unataka kuiona dunia, utaendesha lori mpaka Juba. Nilikuamini. Mama alinieleza ukweli nikiwa mtu mzima: meneja alikufukuza kwa kumwingiza mtoto wa kijijini kwenye maji ya wageni. Alikuwa amekuonya kabla. Ulionywa, na kesho yake ukanileta tena.

Kwa nini hukuniambia, kaka?

Siku moja kabla sijapanda ndege kwenda Olimpiki ulinipigia, simu ikikatikakatika. "Niko njiani, natoka Nimule. Nitatafuta TV. Nitakuona tu."

Niliogelea mita mia moja chali. Katika kundi letu la wanane nilimaliza wa sita, kwa kasi ambayo sijaifikia tena maishani. Sikusonga mbele. Lakini nilitoka majini nikicheka, nikakimbilia simu ili nikusikie ukipiga kelele. Hukupatikana. Mpaka leo, mwaka wa tano, hupatikani.

Mama alizunguka Malaba na picha yako mpaka miguu ikavimba. Dereva mmoja akamwambia, "Wandera? Huyo iko mzima, nimemwona Juba, ameoa." Mwingine akasema lori lako liliungua. Tumeamua kumwamini wa kwanza, ingawa kuna siku mama hupika tangu asubuhi mpaka jioni, nasi tunajua anamfikiria wa pili.

Mimi bega limenishinda, nimeacha mashindano. Sasa nafundisha watoto kuogelea Tororo. Watu huniuliza habari za Olimpiki: kulikuwaje, wazungu wanakula nini, kwa nini sikuleta medali. Nawajibu. Lakini nami nina swali, na mwenye jibu ni wewe tu. Ulipata hiyo TV? Kama ulikuwa umekaa na watu, uliwaambia, "Huyo ni dada yangu"?

Kama unaona aibu kurudi mikono mitupu, njoo hivyo hivyo. Mama ameshatangaza: yeyote atakayekuuliza ulikuwa wapi, atoke nyumbani kwake. Njoo tu ukae, ule, ulale. Hatutakuuliza.

Mdogo wako anayekungoja,
Nekesa