Mikono Ile Ilikuwa ya Mama

Kwa kumbukumbu ya Clement Tunnicliffe wa Burslem, mwigizaji na mwongozaji wa filamu, ambaye wengine mlimjua kwa jina la Clement Vane

Mwaka umetimia, Clem, tangu asubuhi ile ya Februari moyo wako uliposimama ukiwa umekaa kupakwa poda usoni, tayari kwa kamera, huko Wales. Magazeti ya London yalikuaga kwa kurasa nzima. Sisi wa nyumbani tumengoja mwaka ndipo tuseme letu, na mama ameniasa mimi, dada yako Beryl, niliyeshika kalamu: "Andika mazuri tu. Marehemu hasemwi vibaya." Nitajaribu.

Mazuri yapo. Baba alipokuwa anakufa kwa vumbi la udongo wa kiwanda cha sahani lililojaa mapafuni, ulikuwa na miaka kumi na tisa na chuo cha maigizo kilishakuita. Ulikiacha kisubiri. Kila Jumamosi ulikaa kando ya kitanda chake ukamsomea matokeo ya mpira kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na timu yetu ikashinda kila wiki, miezi minne mfululizo. Baba alijua. "Clem," alikuambia, "leo waache watoke sare bwana, nisije nikafa kwa furaha." Mimi sijaona filamu yako iliyoupita uigizaji ule.

Ulipofika London ukaliacha jina la Tunnicliffe kama mtu anavyoacha buti zenye tope mlangoni. Mama alikutetea. "Refu mno, halikai kwenye bango," alisema, naye ndiye aliyekuwa na haki ya kuumia kuliko sisi wote. Miaka thelathini na minane alichora maua kwenye sahani kiwandani, na kila sahani aliyoimaliza aliitia alama yake nyuma, nukta tatu na kimkia. Sahani isiyo na alama ilikuwa haina mwenyewe. Ndiyo maana watu wa hapa, hata tukialikwa harusini, tunapindua sahani kabla ya kupakua, tuone imetoka mikononi mwa nani. Wewe uliwachekesha waandishi kwa kisa hicho, ukisema mama aliwahi kupindua sahani yenye mchuzi. Si kweli, Clem. Aliyeipindua ni wewe, na gauni lililochafuka lilikuwa langu.

Kisha ikaja filamu yako kubwa, ile ya mwanamke mchora sahani. Uliiandika, ukaiongoza, na baba ukamwigiza mwenyewe. Mwigizaji uliyemleta, Celia Thorold, alijaliwa sura, lakini brashi aliishika kama anakoroga chai. Ukaja nyumbani na kamera, ukamkalisha mama dirishani siku tatu, ukapiga picha mikono yake tu. Vidole vilikuwa vimeshaanza kumuuma. Nilipokuwa nikivikanda kwa maji ya moto na kukunung'unikia, alinikatiza: "Mwache mdogo wako. Ndiyo mara ya kwanza ananitazama nikifanya kazi." Nawe ukamwambia mbele yangu, mdomo umejaa mkate wa shayiri na jibini: "Mama, jina lako nitaliweka mwishoni, kubwa, kila mtu alisome."

Mama alikwenda sinema na koti lake la kanisani. Picha ilipoisha watu wakainuka kutafuta kofia zao. Yeye akabaki ameketi, kwani kwake yeye mwisho wa filamu ndio nyuma ya sahani. Majina yakaanza kupanda. Dereva. Mpika chai. Aliyeshona vifungo. Mbwa, Clem! Yule mbwa aliyebweka mara mbili mlangoni aliandikwa, Biscuit, na aliyemlisha akaandikwa. Taa zikawaka, mfagiaji akasimama na ufagio wake anatusubiri.

"Labda nilipepesa macho," mama akasema.

Jumatano akarudi peke yake, saa nane mchana, kwenye onyesho la wazee. Na Jumatano iliyofuata. Mara nne alikwenda, hadi mkata tiketi akawa anamwachia kiti cha mbele kabisa ili asome vizuri.

Nilikupigia simu. Unakumbuka?

"Beryl, hujui kazi yetu," ulisema. "Nikimwandika, watu watajua mikono si ya Celia. Picha nzima inaharibika. Mama anaelewa."

"Umemuuliza?"

"Filamu ijayo, dada. Haki ya Mungu."

"Filamu ijayo utachukua mikono ya nani?"

Ukacheka kile kicheko chako cha kwenye televisheni. Celia akapata tuzo, na magazeti yakaisifu mikono yake. Ukatengeneza filamu nyingine kumi na moja, na zote mama alikaa mpaka taa zikawaka. Hakukuuliza hata siku moja. Mcheza kwao hutunzwa, nasi tulikutunza; kila Krismasi ulipewa kiti cha baba na nyama ya kwanza. Wewe ukatulipa kwa ile asante ya punda.

Mwezi uliopita mama, ana miaka themanini na sita sasa, aliomba brashi zake. Akakuchorea sahani ya kuwekwa chini ya picha yako kwenye ukumbi wa mji. Wiki tatu, kwa vidole visivyokunjuka. Pembeni maua ya bluu, katikati jina lako, Clement Vane, kama ulivyopenda. Nilipoipokea mkono wangu uliipindua wenyewe, maana ndivyo tulivyolelewa. Nyuma ilikuwa nyeupe tupu.

"Mama, umesahau alama yako."

"Sijasahau," alijibu, anafuta brashi. "Clem hakupenda ionekane."

Sikulia siku ya mazishi yako, Clem. Nililia siku hiyo, na nililia kwa hasira. Kwa hiyo unisamehe, mama, mazuri matupu yamenishinda. Nilimpenda huyu mtu tangu nikimbeba mgongoni, na bado nampenda, na angekuwa hai leo ningemzaba kofi.

Wanaokukumbuka ni mkeo Imogen. Binti yako Rosalind, ambaye tangu Pasaka iliyopita amerudi kutumia jina la Tunnicliffe. Na mimi dada yako Beryl, mwenye gauni lile. Hatutakusahau maisha yetu yote, kwa uliyotufanyia na kwa uliyoacha kuyafanya.

Na mwishoni, kubwa, kila mtu alisome:

Mikono: NELLIE TUNNICLIFFE, mama yako.