Tope juu ya kiota cha trauti

Jumatano, mwisho wa Agosti. Upepo wa vumbi tangu alfajiri, na jua kali lisilo na joto. Saa moja asubuhi kipimajoto kilionyesha nyuzi nane majini. Sikuzungumza na mtu leo, wala jana.

Haya nilipaswa kuyaandika Jumapili.

Kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mtunza mto. Ninaangalia kijito cha trauti, samaki wa maji baridi, mali ya klabu ya wavuvi wa ndoano, nje kidogo ya Johannesburg. Hukata majani ya majini, huondoa takataka kwenye wavu wa lango la maji, humfukuza fisi-maji, na kila asubuhi hupima maji na kuandika katika daftari la mto. Zamani nilikuwa mwalimu wa Kiswahili huko Lushoto. Mke wangu alifariki. Binti yangu yuko Cape Town, na wajukuu wanaelewa maamkizi ya Kiswahili tu. Mengine yote hunijibu kwa Kiingereza. Nimeishi katika nyumba hii ya vyumba viwili kando ya maji kwa miaka kumi na mmoja.

Kwa miaka yote hiyo trauti wetu hawakuzaliana. Huletwa na lori wakiwa ndani ya mapipa, huvuliwa, kisha lori huleta wengine. Lakini mwezi uliopita, chini ya daraja la miguu, nilimwona jike amejilaza ubavu akipiga changarawe kwa mkia mpaka akachimba shimo. Alitaga humo, akayafukia mayai. Sikumwambia mtu. Nilichomeka vijiti vinne kukizunguka kiota, na kila asubuhi nilikwenda kukitazama kabla ya kunywa chai.

Hapakuwa na jambo lingine lililonitoa kitandani.

Mama Furaha ni fundi cherehani kutoka Bukavu. Cherehani yake iko karibu na Joubert Park, na ndiye anayetia viraka suruali zangu za kazi. Kila mwisho wa mwezi mimi huenda kwake na hukaa kwenye kiti cha wateja muda mrefu kuliko suruali inavyohitaji. Safari hii aliniuliza habari za mto. Kanisa lao lilikuwa na watu sita wa kubatizwa, na kijito walichozoea kukitumia mjini kimeingiliwa na maji machafu.

"Papa Mwalimu, sisi tunaomba maji kidogo tu. Hatutaikunywa yote."

Wateja walicheka. Nilipaswa kukataa. Badala yake nilimwambia waje Jumapili, kwa kuwa Agosti klabu hufunga mto na wavuvi hawapo. Niliweka sharti moja: wasiingie chini ya daraja. Waende kwenye kidimbwi cha juu, hatua arobaini kutoka pale.

Asiyejua mto angeona nimetumia busara. Mimi ninaujua. Tope likitibuliwa juu hushuka na kutulia kati ya mawe, na mayai yaliyofukiwa hupumua kupitia nafasi hizo hizo. Nimewaeleza wavuvi jambo hilo mara nyingi, na nimewakemea wanaoingia majini na buti bila sababu.

Nilijua, na bado niliwaonyesha njia mimi mwenyewe.

Walifika kama watu thelathini, katika teksi mbili, zile basi ndogo za huku, wakiimba. Wa kwanza kuingia majini alikuwa baba mmoja mnene, mlinzi wa duka. Maji yalipomfika magotini alisimama.

"Eish, Pasta, hii maji iko na meno!"

"Ni shetani ndiye anasikia baridi," pasta alimjibu. "Wewe ingia."

Walicheka mpaka wimbo ukakatika. Nami nilicheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko changu ilivyo. Darasani niliwakata wanafunzi alama kwa makosa madogo kuliko yale niliyoyasikia siku hiyo. Jumapili sikumsahihisha mtu neno hata moja.

Baada ya ubatizo waliketi kwenye nyasi, wakafungua sufuria za fufu na sombe, kisamvu cha kwao. Mama Furaha aliniwekea sahani mapajani bila kuniuliza.

"Kula, Papa. Umekonda kama sindano yangu."

Nilikula. Niliongezewa, nikala tena. Nilikaa nao hadi saa kumi, na muda wote huo nilikuwa nimeligeuzia daraja mgongo.

Walipoondoka nilikwenda kutazama. Tope laini, rangi ya chai ya maziwa, lilikuwa limetanda ndani ya vijiti vyangu vinne. Changarawe haikuonekana. Nilifungua lango la juu upana wa vidole vinne, nikaacha maji yapite kwa nguvu zaidi usiku huo na siku iliyofuata. Kisha niliandika katika daftari: "Maji yamechafuka kidogo. Sababu haijulikani."

Huo ni uongo wa kwanza katika daftari lile.

Jana mawe yalianza kuonekana. Leo niliingiza mkono pembezoni mwa kiota, nikainua konzi moja ya changarawe. Palikuwa na mayai tisa. Saba yamekuwa meupe kama wali, hayo yamekufa. Mawili bado yana rangi ya chungwa, na ndani ya kila moja mna vidoa viwili vyeusi.

Macho.

Niliyarudisha upesi na kuyafunika. Sijui yaliyo chini zaidi yana hali gani, na sitachimba ili nijue. Nilirudi nyumbani, nikafuta maneno ya Jumapili na kuandika: "Watu waliingia kidimbwi cha juu kwa ruhusa yangu." Klabu itasoma itakapofungua mto.

Adhuhuri ulifika ujumbe wa sauti wa Mama Furaha. "Papa, watu wanakuulizia. Kuna wengine wanne wanataka maji Jumapili hii. Na ule mama wa kofia anasema, kumbe Mwalimu anajuaka kucheka."

Nimeusikiliza mara tatu. Sijaujibu.

Naogopa jambo moja. Nikiwanyima mto, watakuwa na sababu gani ya kuja? Kwa miaka kumi na mmoja sijamkaribisha mtu katika nyumba hii. Nimezoea kulaumu umbali.

Kesho, nikishapima maji, nitampigia simu. Nitamwambia mtoni hapana, mpaka vifaranga watoke kwenye changarawe, na nitamweleza kwamba kosa lilikuwa langu. Kisha nitamwambia waje Jumapili hata kama hakuna wa kubatizwa. Sentensi hiyo ya mwisho nimeiandika kwenye karatasi, nisije nikaikwepa.

Nina vikombe viwili tu, na kimoja kimevunjika kishikio. Itawabidi waje na vyao.